Mizani Mezani: Kisa cha Mbanguaji wa Korosho Mkoani Mtwara

Kwa nini kisa hiki

Kwenye mafunzo ya wajasiriamali huku kusini, swali la kusudi huulizwa siku ya kwanza asubuhi, kabla hata ya chai. Washiriki hujibu kwa adabu: kujikwamua kimaisha, kusomesha watoto, kusaidia jamii. Ni majibu mazuri, ila hayamsaidii mtu siku mzigo unapoharibika na marejesho yanadaiwa Jumatatu. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mhusika hakuwa na jibu lolote alipoanza. Kusudi lake lilijitokeza polepole, katika mambo aliyokataa kuyapunguza wakati fedha zilipopungua. Halafu kuna upande ambao huwa hausimuliwi: kusudi hilohilo nusura limfilisi.

Tutamwita Somoe. Si jina lake. Mji anaoishi, kiwanda alichowahi kufanyia kazi na watu waliomkopesha havitajwi, na maelezo machache ya kifamilia yamebadilishwa. Ameridhia kisa kitumike kufundishia.

Usuli

Somoe alizaliwa kwenye nyumba iliyoishi kwa korosho. Baba alirithi mikorosho ya babu, mama alikuwa mbanguaji. Mtwara na Lindi hutoa sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania, lakini nyingi huondoka ghafi ndani ya magunia, zikabanguliwe India na Vietnam. Viwanda vikubwa vilivyojengwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980 vilisimama kimoja baada ya kingine, na baadhi ya majengo yake yakageuka maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli. Kazi ya kubangua ikabaki kwenye viwanda vichache vya watu binafsi, na majumbani, mikononi mwa wanawake.

Ubanguaji wa nyumbani unahitaji kuelezwa vizuri, maana bila hivyo kisa hiki hakieleweki. Korosho humwagwa kwenye bati au sufuria kuukuu juu ya moto mkali. Ganda hutoa mafuta, mafuta hushika moto, moshi mweusi hujaa uani. Baadaye korosho hupozwa kwa mchanga au majivu, kisha hugongwa moja moja kwa jiwe. Mafuta yale ya ganda huunguza ngozi. Mama yake Somoe alikuwa na vidole vyeusi vilivyobambuka, na msimu ukikolea alikula ugali kwa kijiko huku nyumba nzima ikila kwa mkono. Watoto walidhani ni tabia yake tu.

Alipomaliza kidato cha nne Somoe aliajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha binafsi. Huko alijifunza kuwa korosho inaweza kupikwa kwa mvuke badala ya kuchomwa, ikabanguliwa kwa mashine ya mkono inayofungwa mezani, ikakaushwa, ikamenywa ngozi ya ndani, kisha ikapangwa kwa madaraja, nzima mbali na vipande. Malipo yalikuwa kwa kilo. Kazi ilipopungua mwaka 2016 naye akapunguzwa. Alitumia zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha, shilingi 180,000, kununua korosho zilizobanguliwa na wanawake wa mtaani, akazikaanga kwa chumvi, akazifunga pakiti na kuziuza stendi alfajiri kwa abiria wa Dar es Salaam. Ukimuuliza kwa nini alianza, husema: sikuwa na kazi. Hakuna zaidi ya hapo, na ni sababu halali.

Yaliyotokea

*Bakuli*

Anguko la kwanza lilikuja msimu wa 2018, na linaanzia kwenye tamaa inayoeleweka. Msimu uliotangulia, bei za minadani zilikuwa zimepita shilingi 4,000 kwa kilo. Kila mtu mkoani alikuwa akipiga hesabu.

Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, zikapimwa, zikaenda ghala kuu, zikauzwa kwa mnada, ndipo fedha iingie benki. Mfumo huo unamlinda, lakini unamtaka asubiri, na mkulima mdogo hafiki Oktoba akiwa na akiba. Tangu Juni amekuwa akitafuta fedha ya salfa ya kupulizia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), ya palizi na ya chakula. Hapo ndipo kangomba huingia: mnunuzi wa mtaani mwenye fedha mkononi na bakuli la kupimia, anayenunua kinyume cha utaratibu kwa bei anayoipanga mwenyewe.

Septemba, korosho za kwanza zilipoanza kudondoka, Somoe alinunua kwa bakuli kutoka kwa majirani hadi akajaza magunia matatu. Hakujiita kangomba. Alijiona mbanguaji anayetafuta malighafi. Aliyemuuzia nyingi zaidi alikuwa bibi mmoja jirani, aliyehitaji fedha ya dawa.

Mwezi Oktoba wakulima katika maeneo kadhaa walizigomea bei za mnada. Novemba 2018 Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na msako wa kangomba ukawa mkali. Magunia ya Somoe yalikutwa ndani. Hakuwa na shamba lenye jina lake wala karatasi ya kuonyesha yametoka wapi. Yalichukuliwa, na mtaji wa miaka miwili ukaenda nayo.

Siku chache baadaye bibi alikuja. Somoe alijiandaa kugombezwa. Bibi akauliza kwa upole: "Mjukuu wangu, lile bakuli lako lilikuwa linaingia kilo ngapi?"

Somoe hakujua. Alikuwa amelihesabu kama kilo moja, kama wanavyofanya wote. Waliazima mizani dukani, wakajaza bakuli kwa kilima kama lilivyojazwa siku ile. Likaonyesha karibu kilo moja na nusu. Yaani bibi alipunjwa mara mbili, kwenye bei na kwenye kipimo, na aliyempunja alikuwa mtoto wa jirani aliyemlea.

*Mizani*

Mwaka 2019 Somoe alianza upya na kitu kimoja kipya, mizani. Wanawake walibangua korosho za mikorosho ya familia zao, akanunua zilizobanguliwa tu, akazipima mbele ya mwenyewe, na kuandika kwenye madaftari mawili, moja lake na moja la muuzaji. Kidogo kidogo akapata mashine kuukuu ya mkono na pipa la kupikia kwa mvuke, wanawake wakawa wanabangulia uani kwake badala ya kuchoma nyumbani. Alinunua glavu. Wakafika sita.

Machi 2020 korona ilipoingia nchini, abiria walipungua na stendi ikapoa. Yeye aliendelea kununua kwa bei ileile kutoka kwa wanawake walewale. Korosho zikalundikana, nyingine zikaanza kunuka mafuta yaliyochacha, akaziokoa zile zilizokuwa bado nzuri kwa kuzigeuza kashata. Ule mwaka ulipita, lakini akiba iliisha kabisa.

*Kausha damu*

Mwaka 2022, msimu ulipokaribia, hakuwa na fedha ya kulipa mezani. Alikuwa amewaahidi wanawake kwamba anayepimiwa analipwa palepale, maana kinachomrudisha mtu kwa kangomba ni kusubiri. Akachukua mkopo wa mtaani, ule unaoitwa kausha damu, wenye marejesho ya kila wiki. Korosho haiwezi kuuzika kila wiki kwa kasi ile. Ulipomzidi alichukua mwingine kulipia wa kwanza. Mume wake alijua siku waliokuja kudai walipoondoka na friji na makochi. Miezi iliyofuata waliongea kwa shida sana nyumbani, na Somoe husema hasara ya vyombo ilikuwa nyepesi kuliko hiyo.

Kaka yake alimpa kibanda cha uwakala wa miamala ya simu. Karibu mwaka mzima wa 2023 alikaa humo, akilipa deni kwa kamisheni. Uwakala ulimlipa vizuri kuliko korosho ilivyowahi kumlipa, na watu wengi walimwambia Mungu amemfungulia mlango.

Wanawake walipita kibandani kutoa fedha. Alitarajia waulize kama kazi ipo. Mmoja baada ya mwingine waliuliza: "Dada Somoe, mizani unarudisha lini?" Walikuwa wamerudi kwenye bakuli.

*Barabara*

Alirudi msimu wa 2023/24, safari hii kwa mtaji wake mwenyewe. Mwanzoni mwa 2024 alipata oda ya kwanza ya duka la Dar es Salaam. Mzigo wa pili uliondoka siku chache kabla ya kimbunga Hidaya kuipiga pwani mapema Mei. Mvua zilikata barabara ya kusini kwenye maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote. Mzigo ulipofika, korosho zilikuwa laini kama zilizolowa. Duka lilikataa, na likakumbushia pia kwamba pakiti hazikuwa na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Maamuzi na sababu zake

*Kumfidia bibi.* Huu ni uamuzi wa kwanza na ndio uliobeba yote yaliyofuata. Somoe alikuwa amepoteza magunia yote matatu. Kisheria na kibiashara hakuna aliyemtaka alipe zaidi. Aliamua kumrudishia bibi ile nusu kilo ya kila bakuli, kwa bei ya 3,300, kidogo kidogo hadi iishe. Sababu aliyoitoa: "Nisingeweza kupita mbele ya mlango wake." Ukiangalia njia ya kwao utaona hana njia nyingine ya kwenda kisimani.

*Kukopa ili alipe mezani.* Uamuzi huu ulikuwa na mantiki: ahadi ya malipo ya papo hapo ndiyo iliyomtofautisha na wengine. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ulihitaji kikundi kilichosajiliwa, naye hakutaka kikundi. Alihofia kwamba wakishakuwa wanachama wenzake, neno lake halitakuwa la mwisho kwenye ubora.

*Kuacha, na kuacha vizuri.* Aliingia kwenye uwakala bila kuuza mashine. Aliipaka mafuta, akaifunika turubai. Nilipomuuliza kwa nini hakuiuza wakati deni linamkaba, alisema bei aliyopewa ilikuwa ya kutupa. Naamini hiyo ni nusu tu ya sababu.

*Kurudi kwa masharti.* Safari hii alimshirikisha mume wake kabla ya kuweka shilingi ya kwanza. Wakakubaliana mambo yaliyoandikwa: hakuna mkopo wa riba ya wiki, kinachonunuliwa wiki hii hakizidi kilichouzwa wiki mbili zilizopita, kibanda cha uwakala kinabaki wazi, mume akikisimamia jioni.

*Baada ya Mei 2024.* Alifungua pakiti zilizorudi mbele ya wanawake wote, wakazila na kuzionja wenyewe. Kisha akaenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuomba ushauri wa vifungashio na barua ya utambulisho ya kuanzia mchakato wa TBS. Na hapo ndipo alipokubali kikundi kisajiliwe.

Matokeo

Deni limeisha. Kikundi kina wanachama, katiba na akaunti. Wanaobangua kwa kawaida ni wanne, na msimu ukichangamka huongezeka. Korosho sasa hukaushwa hadi zilie zikivunjwa, kisha hufungwa siku hiyohiyo kwenye mifuko mizito isiyopitisha hewa, nzima peke yake na vipande peke yake. Vipande hununuliwa na wanaotengeneza kashata na keki. Duka la Dar limerudi, kwa mzigo mdogo. Oda nyingine zinatoka kwa watu waliomjua viwanja vya Ngongo, Lindi, wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane.

Faida ya mwezi bado ni ndogo kuliko kamisheni ya kibanda. Hili liwekwe wazi kwa yeyote atakayekitumia kisa hiki kufundishia. Familia ya Somoe inakula kutokana na uwakala kwanza.

Uchambuzi

Ukimsikia Somoe akizungumza mbele ya watu, atasema biashara yake ipo kwa ajili ya mikono ya wabanguaji, na atamtaja mama yake. Ni kweli na inagusa. Ila madaftari yake yanasema jambo tofauti kidogo. Mwaka 2022 fedha ilipobana, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa glavu. Wanawake walirudi kujipaka mafuta ya nazi na majivu. Mizani haikukatwa hata siku moja. Katika kila upungufu, hata ule uliomfikisha kwenye kausha damu, kilichobaki palepale ni kwamba mtu apimiwe akiona na alipwe alichopimiwa. Kwa hiyo, kama tunataka kujua kusudi la mtu huyu, daftari linaaminika kuliko hotuba. Hili halimvunjii heshima. Mama yake alimpa huruma kwa wabanguaji. Bibi alimpa deni la haki, na deni ndilo lililomwongoza. Mikono bado inahitaji kulindwa, na kikundi kimeiandika glavu kwenye katiba ili isitegemee hisia za mtu mmoja.

Sasa hatari yake. Somoe alichanganya mambo mawili yaliyofanana: kupima kwa haki, na kununua kila kinacholetwa. La kwanza halimgharimu karibu kitu. La pili lilimmaliza mara mbili, mwaka 2020 kwa akiba na 2022 kwa vyombo vya ndani. Alidhani kumwambia mwanamke "wiki hii sinunui" ni kumsaliti, kumbe kumwambia mapema, kwa ukweli, kunampa nafasi ya kupanga. Kanuni ya wiki mbili imefanya kazi kuliko kanuni nyingine yoyote aliyojiwekea. Wanawake hawakukimbia. Walianza kubangua kwa kiasi na kuacha nyingine ndani ya ganda, ambamo hukaa muda mrefu bila kuharibika kuliko zikishabanguliwa.

Ndugu na majirani waliyaita yote haya mitihani, neno moja kwa mambo manne. Naliheshimu neno hilo na faraja yake, lakini mwalimu wa biashara hana budi kuyatenganisha. Yaliyotokea 2018 yalikuwa kosa la haki lililokutana na operesheni ya Serikali. Hata kama magunia yangepona, bibi angekuwa amepunjwa. Korona haikuwa kosa la mtu. Mkopo ulikuwa kosa la kulinganisha muda: marejesho ya wiki kwa bidhaa inayouzika kwa msimu. Na barabara, licha ya kuonekana kama janga tupu la mbinguni, ilifichua mfuko mwepesi. Korosho iliyokauka vizuri ndani ya kifungashio kizuri hukaa miezi. Siku kadhaa za kukwama njiani hazikupaswa kuilainisha. Kila anguko lilitaka dawa yake, na yaliyobaki bila dawa kwa muda mrefu ni yale aliyoyaita mapenzi ya Mungu haraka.

Mwaka wa kibandani watu huupitia harakaharaka wanapousimulia, kana kwamba ni aibu. Mimi nauona kuwa sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Kabla ya hapo hakuweza kujua kama anaipenda kazi ya korosho au anaogopa tu kuonekana ameshindwa. Ndani ya kibanda hakuwa na njaa, hakuwa na aibu, na deni lilikuwa linapungua. Aliporudi, alirudi bila kusukumwa. Washauri wengi huku huwaambia watu wasikate tamaa. Wangefaa pia kuwaeleza namna ya kusimama kwa muda bila kuuza mashine.

Usiri kwa mume haukuwa na faida yoyote. Somoe alificha ili kumlinda, na matokeo yake ni kwamba aliyeweza kumsaidia kupiga hesabu mapema ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Hofu ya kikundi nayo ilimchelewesha sana: mikopo ya halmashauri ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, hivyo miaka ambayo angeweza kuomba mkopo usio na riba aliipitisha bila usajili. Kuhusu ubora, hofu yake ilikuwa na msingi, ila jibu lilikuwa rahisi. Kikundi kimempa cheo cha kukagua madaraja, na uamuzi wake haupingwi isipokuwa kwa mizani.

Kinachobaki bila ufumbuzi ni malighafi. Gunia la kilo 80 za korosho ghafi hutoa kilo 16 hadi 20 tu za korosho zilizobanguliwa, na mikorosho ya familia za wanachama haitoshi oda za mwaka mzima. Kushindana mnadani na wanunuzi wanaosafirisha kwa meli hakuwezekani kwa mtaji wao, na kurudi kwenye bakuli wamekataa kwa maandishi. Kikundi kimepeleka ombi kupitia chama cha msingi ili kiruhusiwe kupata kiasi kidogo kihalali kwa ajili ya kubangua hapahapa. Jibu halijatoka. Likiwa la kukubali, watahitaji mashine mbili zaidi kabla ya msimu kufunguliwa Oktoba, na mkopo wa halmashauri umeombwa kwa ajili hiyo. Likiwa la kukataa, watapunguza oda ya Dar na kubaki na stendi, Nanenane na wanunuzi wa vipande. Hesabu za njia zote mbili zimeshaandikwa, na mume wa Somoe ndiye aliyezihakiki.